Shamba la marehemu njia ya Kipushi: udongo ni wa warithi, shaba iliyo chini ni ya nani?

Ngoie, Fort Worth

Jambo yenu, wazee na ndugu wa Lubumbashi popote mlipo.

Naleta swali la familia moja iliyoniomba niulize hapa. Marehemu ameacha shamba la hekta 14 njia ya Kipushi, na lupangu moja (kiwanja chenye nyumba) Katuba, hapo Lubumbashi. Mjane yuko hai. Watoto ni sita: wawili wako Ubelgiji, mmoja yuko huku Texas, watatu wamebaki nyumbani. Wazazi wa marehemu ni wazee, lakini wapo, na wadogo zake wawili wapo pia. Kampuni ya madini imeleta wapimaji shambani. Mdogo wa marehemu amekwisha kutia sahihi karatasi fulani na kampuni hiyo. Mtoto wa kwanza anatafuta avoka (wakili) ili adai shaba. Yule wa Texas naye anasema huku watu wanalipwa kila mwezi kwa ajili ya mafuta yaliyo chini ya shamba la babu yao, kwa nini kwetu isiwe hivyo? Mnaojua sheria, elezeni hatua kwa hatua, maana wameanza kukatana maneno.

Papa Kalenga, Liège

Asante, Yaya Ngoie. Tuanze na hilo la Texas, kwa sababu ndilo linalowapotosha watoto wengi walio Marekani.

Texas mali ya chini ya ardhi inaweza kuwa ya mtu binafsi. Inaweza pia kutengwa na udongo: babu anauza shamba, lakini anaandika katika hati kwamba mafuta na gesi anabaki nayo. Miaka mingi baadaye shamba lina mwenyewe, na mafuta yana warithi wengine kabisa. Ndiyo maana kesi za huko hugombania kifungu kimoja cha hati ya zamani: je, aliyeuza alibakiza madini au aliuza vyote? Na warithi wakiongezeka kizazi baada ya kizazi, fungu la kila mmoja linazidi kuwa dogo. Hayo ni ya kweli, lakini ni ya huko.

Kwetu Kongo kuna milango miwili, na hakuna hata mmoja unaofunguka hivyo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Raia anapewa konsesyo, yaani haki ya kuutumia. Ikiwa ni konsesyo ya milele, hiyo haki inarithiwa. Kisha sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema madini yote ni ya Serikali, na haki ya kuyachimba ni kitu tofauti na haki ya udongo. Hata mtu awe na sertifika (hati ya usajili) safi ya shamba, shaba iliyo chini haimo ndani ya hiyo sertifika.

Kwa hiyo mtoto wa kwanza akifungua kesi ya kudai shaba, atashindwa, na gharama za avoka zitalipwa na fungu la wote. Kinachodaiwa ni fidia ya udongo, mimea, nyumba na makaburi. Hiyo si ndogo. Sheria ya madini, kifungu cha 281, inasema mwenye haki ya udongo akizuiwa kuutumia alipwe fidia ya haki, yaani kodi au thamani ya ardhi wakati inapochukuliwa, kisha iongezwe nusu yake. Hiyo nusu ndiyo familia nyingi zinasahau kuidai, na kampuni haitawakumbusha. Ardhi ikithaminiwa dola 30,000, fidia yake ni 45,000, na mimea na majengo yanahesabiwa kando.

Na msidanganywe na mirabaha ya madini inayotajwa redioni. Hiyo inagawanywa kati ya Serikali kuu asilimia 50, jimbo 25, sekta, chefferie (eneo la chifu) au komini (manispaa) 15, na mfuko wa vizazi vijavyo 10. Hakuna mstari wa mwenye shamba hapo.

Mama Mwadi, Bruxelles

Papa Kalenga amesema vizuri, lakini kabla ya kampuni kuna jambo la kwanza: nani anayeongea kwa jina la marehemu? Bila hiyo, kampuni italipa yeyote atakayeleta karatasi. Hapo ndipo fedha zinapopotelea, na mjane analala njaa katika nyumba aliyoijenga na mume wake. Jambo hili linaniuma sana, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Karatasi ya kwanza ni hati ya kifo kutoka komini. Kama kifo hakikuandikishwa kwa wakati, mahakama inatoa hukumu ya kuijazia, ile wanayoita sipletifu. Baada ya hapo baraza la ukoo linakaa, linaandika proseverbali (kumbukumbu ya kikao) yenye majina ya warithi wote, na linamtaja msimamizi wa mirathi, yaani likidateri. Kwa sheria, kama hakuna wosia, ni mrithi mwenye umri mkubwa. Akikataa, warithi wanachagua mwingine. Mahakama inamthibitisha. Hapo ndipo anapoweza kwenda kwa konservateri wa hati za ardhi kuomba sertifika ibadilishwe majina.

Kosa la kila siku ni proseverbali yenye sahihi za wajomba na baba wadogo, bila sahihi za watoto walio nje. Linaharibu kila kitu, kwa sababu mtoto mmoja aliyeachwa nje anaweza kusimamisha mauzo yote baadaye. Kosa la pili ni kuandika «na wenzake» badala ya majina kamili. Andikeni kila jina kama lilivyo katika hati ya kuzaliwa, na kama pasipoti ina herufi tofauti, lisahihishwe mapema.

Sasa mafungu. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaweka watoto katika kundi la kwanza: waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje lakini baba akawatambua akiwa hai, na walioasiliwa. Wote sawa, wa kike na wa kiume. Wanachukua robo tatu. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambalo lina vikundi vitatu vinavyogawana sawa: mjane, baba na mama wa marehemu, kaka na dada zake.

Lakini kabla ya kugawa, ulizeni: shamba lilinunuliwa ndani ya ndoa au marehemu alilirithi? Kama lilinunuliwa ndani ya ndoa, na wanandoa hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali, nusu ni ya mjane tayari. Hiyo si urithi. Tuchukue fidia ya dola 48,000. Nusu, 24,000, ni ya mjane. Urithi ni 24,000 zilizobaki. Watoto sita wanapata 18,000, yaani 3,000 kila mmoja. Zinazobaki 6,000: mjane 2,000, wazazi wa marehemu 2,000, wadogo zake 2,000 kwa pamoja. Yule mdogo aliyetia sahihi peke yake ana haki ya dola 1,000 hapo, hakuna zaidi. Kama shamba lilikuwa la urithi wa marehemu mwenyewe, hiyo nusu ya kwanza haikatwi, gaweni 48,000 zote kwa njia ile ile.

Na lupangu ya Katuba: mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na mume wake, na kutumia vyombo vyake. Kuuza haiwezekani kwa kumtoa yeye barabarani, hata watoto wote wakikubaliana.

Prokurasyo (karatasi ya kumtuma mtu akuwakilishe) za walio nje: Ubelgiji, nenda ubalozi wetu Bruxelles, au fanya kwa notari wa huku, kisha ihalalishwe na wizara ya mambo ya nje ya Ubelgiji, na mwisho ubalozi. Marekani: notari, ofisi ya Secretary of State wa jimbo, wizara ya mambo ya nje Washington, kisha ubalozi wetu. Msilete karatasi yenye apostili (muhuri wa mkataba wa La Haye wa kutambua hati) peke yake, kwa sababu Kongo haimo katika mkataba huo na konservateri anaweza kuirudisha. Katika prokurasyo andikeni kazi moja moja: kusimamia, kuwakilisha mahakamani, kufuata fidia. Neno la kuuza au kupokea fedha msiliweke, au mkiliweka, tajeni akaunti ya benki ambamo fedha lazima ziingie.

Ngoie, Fort Worth

Asanteni wazee. Na ile karatasi ya baba mdogo? Kampuni inasema mkataba umeshafungwa. Na tutajuaje kama kweli hiyo kampuni ina haki ya mahali pale?

Kaka Mutombo, Lubumbashi

Yaya, hilo la pili ndilo rahisi, kwa hiyo naanza nalo. Chukueni koordine za kila kona ya shamba kwa GPS, kwa digrii, dakika na sekunde, si kwa kukadiria kwenye simu mkiwa barabarani. Pelekeni CAMI, kadastre ya madini, yaani ofisi inayotunza ramani na ruhusa za madini, Lubumbashi. Ramani yao imegawanywa kwa kare (miraba), na kare moja ni hekta 84.955. Kwa hiyo hekta 14 zinaweza kuwa zote ndani ya kare moja, au kukatwa na mpaka wa kare mbili zenye wamiliki tofauti. Ulizeni namba ya ruhusa, ni ya nani, na ni ya aina gani. Ruhusa ya utafiti haimpi mtu haki ya kufungua machimbo. Ikiwa ni ya utafiti tu, mashine kubwa za kuchimba hazina kazi hapo.

Pimeni pia umbali. Sheria hairuhusu kukalia ardhi iliyo chini ya mita 180 kutoka nyumba, au chini ya mita 45 kutoka shamba lililolimwa, bila kibali cha mwenye kukaa pale kihalali. Kwa hiyo nyumba ya mlinzi iliyo katikati ya shamba ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Msiibomoe kwa sababu mtu wa kampuni amesema italipwa baadaye.

Siku ya kuhesabu mimea, muwepo. Kila mti wa mwembe, mvocado, mchungwa uhesabiwe kwa umri wake. Mihogo na mahindi kwa eneo. Kisima kwa kina chake. Makaburi yaandikwe kando kabisa. Pigeni picha zenye tarehe. Baada ya siku ya kufunga orodha, kitakachopandwa au kujengwa hakilipwi, na mtu anayewaambia mpande miti haraka usiku anawauzia miche tu. Karatasi ya hesabu isainiwe na likidateri, mjane na shahidi wa mtaa, na nakala ibaki kwenu. Kama karatasi ina nafasi tupu kwenye kiasi cha fedha, msisaini.

Na msiruhusu wachimbaji wa mkono kuingia wakati kesi inaendelea. Kasulo, Kolwezi, tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Mashimo yakapita chini ya kuta za majirani. Uchimbaji wa mkono unaruhusiwa katika maeneo yaliyotengwa tu, kupitia koperative. Shamba lenu likigeuka kuwa mashimo, ardhi mliyotaka ilipwe haipo tena.

Papa Kalenga, Liège

Kuhusu karatasi ya baba mdogo: mrithi mmoja hawezi kutoa haki ya wote. Lakini msikae mkisema «haina nguvu» halafu mkalala. Fanyeni mambo matatu ndani ya wiki moja.

Likidateri aandike barua kwa kampuni, iliyopokelewa kwa muhuri: hatukumtuma, msilipe mtu hadi warithi wote wasaini. Barua ya pili kwa konservateri: kupinga mabadiliko yoyote ya majina kwenye sertifika hiyo, mkitaja namba yake na folio (ukurasa wa daftari). Ulizeni upingamizi huo utaisha lini, na kabla haujaisha fungueni kesi katika mahakama ya Tribunal de Grande Instance. La tatu, ombeni nakala ya karatasi aliyosaini, msome kama ni mauzo, kodi, au risiti ya malipo. Kila moja ina dawa yake.

Haraka hii ina sababu. Sertifika mpya ikitolewa kwa jina la mtu mwingine na miaka miwili ikapita, haishambuliwi tena. Mtabaki kudai fidia kutoka kwa aliyewadhulumu, na mara nyingi yeye hana kitu.

Jambo jingine kwa waliochukua uraia wa nje, mniwie radhi kulisema waziwazi. Katiba yetu, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine. Konsesyo ya milele ni ya Mkongomani tu. Mrithi mwenye pasipoti ya Ubelgiji au Marekani hapotezi fungu lake la urithi, lakini sertifika kwa jina lake itakuwa ya konsesyo ya kawaida, miaka 25, inayoweza kufanywa upya. Afadhali familia iamue mapema: shamba libaki kwa majina ya ndugu walio Wakongomani, na walio nje walipwe fungu lao kwa fedha mbele ya notari.

Mama Mwadi, Bruxelles

Kuna mwana wa Goma ameniandikia kando akiuliza kama ni vile vile kwa mafuta na gesi ya Kivu, maana mwaka 2022 Serikali iliweka sokoni vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi ya Ziwa Kivu, na watu wa kando ya ziwa wakaanza kununuliana mashamba. Mnada wa vile vitalu vya mafuta ulifutwa mwaka 2024. Sheria ya hidrokaboni ya 2015 inafuata njia ile ile: mafuta ni ya Serikali. Anayewauzia lupangu kwa bei ya juu akisema «ina haki ya gesi» anauza udongo tu. Lipeni bei ya udongo.

Yaya Ngoie, nitumie majina ya watoto wote sita kama yalivyo kwenye pasipoti. Nitatengeneza mfano wa prokurasyo, wa Texas na wa Bruxelles, ili zisitofautiane neno.