WAJUKUU WA LUPEMBE 🌱

ALHAMISI

[18:41] Shangazi Eliza: Kamwene wote. Poleni na majukumu. Jumamosi hii ni SALIKI kijijini kwa Bibi, ile Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Inakuja kila baada ya miezi mitatu, na ya mwezi wa tatu tuliikosa kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ndiye anampeleka Ayubu wa Vaileth. Safari hii nataka majina. Saa mbili asubuhi, ofisi ya kijiji. Wanapima uzito, urefu na mkono, na kwa kuwa ni Juni kuna matone ya vitamini A na dawa ya minyoo humohumo.

[18:43] Shangazi Eliza: Ninachotaka: mtu wa kumbeba, mguu wa Bibi bado. Kadi ya kliniki ya Ayubu, aliyenayo aseme. Na kila kaya inatoa chakula cha mapishi darasa, yale ya kufundishia wazazi, sisi tumepangiwa maharage na mayai. Mchango elfu tano tano, ile namba yangu mpya.

[19:20] Shangazi Eliza: Naona mmesoma watu 14.

[19:24] Festo Dar: Kamwene shangazi 🙏🙏 tupo

[19:25] Shangazi Eliza: "Tupo" siyo elfu tano Festo.

[19:26] Festo Dar: 😂😂😂😂

[19:31] Mama Ivan: Mimi naweza kutuma unga wa lishe kilo 2, ule wangu wa nafaka 12. Watoto huku Mbeya wamenenepa wote jamani, ushuhuda upo

[19:33] Damas: Bibi anasema baridi ya huku kumvua mtoto nguo apimwe ni kumtafutia nimonia

[19:34] Shangazi Eliza: Mwambie atavuliwa ndani na atavalishwa hapohapo. Na wewe Damas ndiye uliye kijijini, pikipiki unayo. Kwa nini jina lako sijaliona?

[19:36] Damas: Jumamosi ni siku ya mnada shangazi. Ndo siku ninayopata hela

[19:37] Mama Ivan: Hela zipi tena. Za Malkia, yule ng'ombe wetu wa maziwa, hazijaisha?

[19:38] Festo Dar: Uwiiiiii 😂😂 Malkia ametajwa

[19:38] Festo Dar: Nani ana picha ya Malkia tumkumbuke

[19:40] Damas: Mama Ivan nakuheshimu sana. Hilo lilishaisha mbele ya Babu mwenyewe

[19:41] Mama Ivan: Liliisha kwako. Mimi laki mbili yangu ilikuwa ya maziwa ya watoto

[19:42] Shangazi Eliza: TUSIENDE HUKO. Jumamosi. Kadi. Mtu.

[20:02] Tumaini: Shikamooni wakubwa. Natoka zamu saa hizi. Shangazi, kadi ni muhimu kuliko mnavyofikiri. Ayubu ana umri gani kamili?

[20:04] Shangazi Eliza: Miaka miwili na kitu.

[20:05] Tumaini: Hiyo "na kitu" ndiyo nayoitaka 😅 Urefu unasomwa kwa umri. Akiwa chini ya miaka 2 analazwa kwenye ubao, akivuka anasimamishwa. Mkikosea miezi mitatu mnaweza kuambiwa yuko sawa kumbe hayuko

[20:07] Shangazi Eliza: Mimi nakumbuka kwenye mazishi ya Babu, Vaileth alikuwa naye mgongoni. Aprili 2023. Alilia mahubiri yote mpaka mchungaji akasimama.

[20:09] Mama Ivan: Yule aliyelia ni Ivan. Tena nilitoka naye nikamkalisha kwenye migomba

[20:10] Damas: Vaileth alikuwa na tumbo bado. Mimi ndo nilimtafutia kiti, alishindwa kukaa chini na wenzake

[20:11] Festo Dar: Mimi nakumbuka ulanzi tu siku ile

[20:12] Shangazi Eliza: Festo.

[20:15] Shangazi Eliza: @Vaileth mama, uko humu. Ayubu amezaliwa lini na kadi iko wapi?

[20:40] Shangazi Eliza: @Vaileth

[20:44] Damas: Nimempima sasa hivi kwa futi ya fundi kwenye fremu ya mlango. 79

[20:45] Tumaini: Asante kaka. Alikuwa amevua viatu?

[20:46] Damas: Viatu kavua. Kofia hapana

[20:46] Tumaini: Na kofia??

[20:47] Damas: Baridi

[20:48] Festo Dar: 😂😂😂 sentimita 79 pamoja na bobo la kofia

[20:51] Tumaini: Cheka lakini siyo mchezo. Mvulana wa miaka 2 wastani ni sentimita 87. Akiwa chini ya 81 tunasema amedumaa. Kwa hiyo hata bobo la kofia halimwokoi. Ila fremu ya mlango siyo ubao, apimwe vizuri kwanza kabla sijasema zaidi

[20:53] Festo Dar: Ila Tumaini tuwe wakweli, ukoo huu nani mrefu? Babu alikuwa anapanda kigoda kufikia dari la jiko. Ni damu

[20:58] Tumaini: Damu inaonekana baadaye huko. Chini ya miaka 5 watoto wakila na wakatunzwa wanakua karibu sawa popote. Shirika la Afya Duniani walipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakakuta tofauti ni ndogo sana. Chati ya urefu tunayotumia kliniki imetoka huko, 2006

[20:59] Festo Dar: Basi tangu leo Ayubu ni Mnorway 🇳🇴

[21:00] Mama Ivan: 😂😂😂😂

[21:01] Damas: Mnorway amelala na kofia yake

[21:03] Shangazi Eliza: Chekeni. Utafiti wa 2022 nchi nzima watoto waliodumaa ni 30 kati ya 100. Njombe kwetu 50. Iringa 57. Sisi tunaolisha Dar mahindi na viazi! Parachichi zinapandishwa kwenye makontena kwenda Ulaya, mtoto wetu anakula ugali na mchuzi wa chumvi.

[21:05] Damas: Parachichi zipo shangazi. Zilizokataliwa na wanunuzi zinaoza chini ya mti

[21:07] Tumaini: Kaka Damas okota hizo! Robo moja iliyoiva, iponde kwenye uji. Na uji uwe mzito, usimiminike kwenye kijiko. Tumbo lake ni dogo, ukimjaza maji ya uji ameshiba na hajala kitu

[21:08] Mama Ivan: Unga wangu uko palepale

[21:11] Tumaini: Mama Ivan usinielewe vibaya. Nafaka 12 pamoja haziongezi kitu ambacho mbili hazina. Soya isipoiva vizuri inamvuruga tumbo, na karanga zikisagwa zikakaa na unyevu zinaota sumukuvu, huioni kwa macho. Bora unga wa kawaida, halafu yai au maziwa au karanga mbichi safi vinaingia wakati wa kupika

[21:12] Mama Ivan: Sawa nesi.

[21:13] Baba Mkubwa Obadia: Sumukuvu si utani. 2016 watu walikufa huku Dodoma na Manyara.

[21:13] Shangazi Eliza: Shikamoo kaka. Afadhali umeingia.

[21:14] Mama Ivan: Sijasema utani Baba Mkubwa. Nimesema sawa

[21:16] Tumaini: Kaka Damas swali la mwisho nilale. Anaongea?

[21:18] Damas: Anasema mama. Anasema boda. Anasema pipi. Na ule wimbo wa katuni anauimba mwanzo mwisho, sijui ni lugha gani

[21:19] Tumaini: Anaunganisha mawili? "Mama njoo", "nataka maji"?

[21:20] Damas: Hapo sijasikia

[21:20] Tumaini: Katuni anaangalia kwa simu ya nani

[21:21] Damas: Yangu. Nikirudi mchana namwachia Bibi apate kuchambua maharage

[21:24] Tumaini: Muda gani kwa siku? Kwa umri wake isizidi saa moja, na chini ya hapo ni bora. Simu haimjibu. Mtoto anajifunza kuongea na mtu anayemjibu. Hata Bibi akichambua hayo maharage amwambie "hili bovu, hili zima", akamwachia na yeye atupe mabovu, hayo ni mafunzo tosha

[21:25] Shangazi Eliza: Ndiyo hiyo MMMAM yenyewe waliyotufundisha. Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Nimefundisha darasa la awali, mtoto aliyeongeleshwa nyumbani unamjua siku ya kwanza.

[21:26] Festo Dar: Em em em kama gari limekwama

[21:27] Shangazi Eliza: Festo hujatuma.

[21:39] Damas: 🎤 Ujumbe wa sauti 1:52

[21:39] Damas: Ni Bibi. Nilikuwa namsomea mnayoandika akasema nibonyeze

[21:52] Baba Mkubwa Obadia: Kwa mliokulia mjini msiosikia Kibena, Mama anasema hivi. "Eliza, nimekusikia. Trei za mayai zinafika. Mayai manne nampa mtoto, yaliyobaki nauza, maana chumvi na sabuni havitagwi na kuku. Nimelea tisa na wawili nikawazika, mtoto aliyenyimwa chakula namjua. Huyu hajanyimwa. Huyu anakaa na sahani peke yake mpaka ugali unapoa. Mimi niko shambani, anayemlisha ni Kadogo, na Kadogo mwenyewe ana miaka sita. Zamani mtu akitoka alikuwa analia. Siku hizi halii. Msinitumie trei. Nitumieni mtu."

[21:53] Festo Dar: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

IJUMAA

[04:51] Vaileth: Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo shangazi. Amezaliwa tarehe 11 Mei 2023, saa kumi alfajiri. Kadi ninayo mimi.

[04:52] Vaileth: 📷 Picha

[04:52] Vaileth: 📷 Picha

[05:30] Tumaini: Asante sana dada. Basi ana miaka 2 na mwezi mmoja, atasimamishwa. Nimeikuza picha. Uzito umejazwa vizuri mpaka miezi 9, chanjo ya surua ya kwanza, halafu kuanzia hapo hakuna kitu. Surua rubela ya pili ya miezi 18 hajapata?

[05:31] Vaileth: Ndipo nilipoondoka kuja Dar

[05:33] Tumaini: Wengi wanaishia hapohapo kwenye 9, hauko peke yako. Bado anaweza kupewa, waulizwe Jumamosi. Kaka Damas onyesha picha hii ya kadi, wasimfungulie mpya kama vile hajawahi kuchanjwa

[06:15] Shangazi Eliza: Mwanangu Vaileth asante. Sasa neno la Bibi tumelisikia wote. Mimi nimestaafu, nyumba ya Njombe ina nafasi, kliniki iko karibu, shule ya awali ipo. Jumamosi hiyohiyo naweza kuondoka naye.

[06:40] Vaileth: Hapana shangazi. Tulishaongea hili.

[06:41] Shangazi Eliza: Tuliongea akiwa mchanga.

[06:44] Mama Ivan: Kwa nini mama asirudi mwenyewe? Mtoto ni wake

[06:46] Vaileth: Nikirudi nani atalipa dawa za Bibi? Wewe?

[06:47] Baba Mkubwa Obadia: Vaileth hasukumwi na mtu humu ndani. Anayetaka kumwambia neno anipigie mimi kwanza.

[06:48] Mama Ivan: Samahani Baba Mkubwa

[09:10] Shangazi Eliza: Haya. Mtu wa muda je? Kuna yule binti wa jirani amemaliza darasa la saba yuko nyumbani. Tukichanga elfu arobaini kwa mwezi anakaa na Bibi, anamlisha Ayubu milo mitatu au minne na kitu cha katikati, anamwongelesha. Kadogo naye anapumua. Naomba majibu.

[11:35] Shangazi Eliza: Watu 15 mmesoma.

[12:02] Baba Mkubwa Obadia: Mimi elfu kumi na tano kila mwezi. Ila binti asije kugeuzwa wa kuchuma chai. Aseme Mama kama anamtaka.

[12:20] Vaileth: Elfu kumi

[12:26] Damas: Bibi anasema yule binti anamjua, anapenda kulala. Ila atafikiri

[12:27] Shangazi Eliza: Afikiri haraka. Na kesho?

[12:40] Damas: Nitampeleka saa mbili, saa nne niwe nimeshaondoka kwenda mnadani. Wakichelewa kuanza nitamwacha kwa mhudumu wa afya

[12:41] Tumaini: Usimwache kaka! Atakayempima anahitaji mtu mtoto anayemjua amshike miguu, akilia na kujikunja urefu unapotea. Na wakimpima mkono utepe ukisoma kijani msishangilie mkaondoka. Utepe unaonyesha kukonda tu, kudumaa hauonyeshi. Dai asimamishwe kwenye ubao

[12:43] Damas: Kwa hiyo mnada niuache

[12:44] Shangazi Eliza: Kwa Malkia tu tunakudai asubuhi moja.

[12:44] Mama Ivan: 👏👏

[12:50] Damas: Shangazi na wewe?

[13:30] Shangazi Eliza: Nimeteleza ulimi. Damas mwanangu, nitakurudishia hela ya mnada mimi.

[16:05] Shangazi Eliza: Damas?

[19:48] Mjomba Nicko Songea: Kamwene jamani, ndo nafungua simu mtandao ulikuwa mbovu. Kuna msiba?

[19:49] Festo Dar: Hapana mjomba, kuna Mnorway

[20:15] Shangazi Eliza: Waliotuma mchango mpaka sasa: Tumaini, Kaka Obadia. Basi. Maharage yako kwa Bibi, mayai hayajanunuliwa.

[20:31] Festo Dar: Shangazi nimetuma kumi, yangu na ya mjomba Nicko

[20:33] Shangazi Eliza: Haijaingia.

[20:34] Festo Dar: Imeingia mbona. Ila jina limetoka la Damas

[20:36] Shangazi Eliza: Umetuma namba ipi? Ya zamani ile alinisajilia yeye, laini alishaichukua!

[20:36] Mama Ivan: 😂😂😂😂😂 Malkia wa pili

[20:37] Festo Dar: Mimi nimeuliza tangu jana tangu jana namba mpya ni ipi

[20:37] Mama Ivan: Hujauliza, umesema tupo

[21:10] Damas: Imeingia. Nimenunua trei moja hapa kwa jirani, chenji ninayo, Bibi ni shahidi. Asubuhi ofisi ya kijiji wanafungua saa mbili kweli au saa mbili ya serikali?