Mrejesho: Kuchelewa kwa Dodge Charger Daytona na faida ya Stellantis

Ndugu zangu, niliwahi kuuliza namna ya kueleza, katika kazi yangu ya chuo ya uhasibu wa viwanda, jinsi kuchelewa kwa Dodge Charger Daytona ya umeme kulivyogusa faida ya Stellantis, kampuni inayomiliki Dodge. Nawashukuru mliojibu, kazi imepita, ingawa sehemu moja imenishinda.

Ushauri ulionifaa zaidi ni wa kuanza na pengo la uzalishaji: Challenger, gari la Dodge la petroli, ilikoma kutengenezwa katika kiwanda cha Brampton, Kanada, Desemba 2023, ilhali Charger Daytona, iliyooneshwa Machi 2024, ilianza kupelekwa kwa wauzaji mwaka huo ukielekea ukingoni, na kwa miezi hiyo yote gharama za maandalizi zilikuwa zimeshalipwa bila mauzo ya kuzifidia. Aliyenikumbusha kwamba kiwanda cha Windsor, Kanada, kinachotengeneza Charger hiyo, hutengeneza pia Pacifica, gari la familia la Chrysler, aliniokoa, maana nilikuwa karibu kulibebesha gari moja gharama za kiwanda kizima.

Kilichoshindikana ni kupata faida ya kila gari, kwa kuwa kampuni hutangaza matokeo kwa kanda, si kwa modeli. Badala yake nilitumia kiwango cha faida ya uendeshaji (faida kama asilimia ya mapato) cha Amerika Kaskazini, kilichoshuka kutoka asilimia 15.4 mwaka 2023 hadi 4.2 mwaka 2024, nikifafanua kwamba chanzo kikubwa kilikuwa kampuni kupeleka magari machache ili kupunguza yaliyorundikana kwa wauzaji. Msimamizi aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Sehemu ya Charger ni ipi?" Swali hilo, kwa kweli, bado sina jibu lake.