Nyumba ya kupangisha Malimbe milioni 40, inalipa kweli?

Wakuu habari, nimepata nyumba Malimbe, Mwanza, karibu na chuo kikuu cha SAUT, vyumba 6, kila kimoja elfu 50 kwa mwezi, mwenyewe anataka milioni 40. Ndo ya kwanza kwangu na hela nimeihangaikia miaka, naombeni mawazo kabla sijalipa.

— Mkuu, hesabu ya dalali ni 3,600,000 kwa mwaka, ila wale ni wanafunzi, chuo kikifungwa wanahama, sasa weka miezi 9 unapata 2,700,000, toa laki 5 ya ukarabati na gari la kunyonya choo, inabaki 2,200,000, yani miaka 18 ndo hela irudi. Mi ningemshusha mpaka 30.

— Nenda alfajiri ufungue bomba mwenyewe. Yangu ya mlimani maji yalikuwa yanatoka usiku wa manane tu, ndoo zimepangwa koridoni mpaka mlangoni, wapangaji wakanihama wote. Na hati ikaguliwe ofisi ya ardhi, usiishie kwa mwenyekiti wa mtaa.

— Luku (mita ya umeme) ni moja kwa vyumba vyote? Ya kuchangia ugomvi hauishi.

— Ni moja mkuu. Kesho alfajiri naenda na fundi, asanteni sana.