Meneja wa netiwoki anataka nimweleze wateja nawatoa wapi. Nifunguke kiasi gani?

ChaliiWaSakina
Wakuu habari za usiku. Naombeni ushauri wa haraka, usingizi umegoma.

Nipo Arusha, Sakina. Nauza vitu vya watu mtandaoni kwa kamisheni. Duka liko Ulaya: viatu vya kupandia mlima, makoti, mifuko ya kulalia. Naweka linki yenye namba yangu, mtu akibofya na akanunua ndani ya siku 30, nakula asilimia 8. Katikati kuna netiwoki inayohesabu na kulipa, na huko kila mtu ana meneja wake.

Jana meneja kaniandikia. Mwanzo pongezi tupu, eti namba zangu zinapendeza, kwenye kliki 100 wananunua 11. Halafu mstari mmoja wa mwisho: nimtumie orodha ya vyanzo vyangu vyote vya wateja pamoja na picha za skrini za matangazo, kabla ya Ijumaa. Nina dola 2,310 mle ndani hazijathibitishwa.

Hofu yangu ni kwamba meneja mmoja ana watu kibao kama mimi. Nikimpa ramani leo, wiki ijayo kampa kipenzi chake. Nilishapigwa hivyo 2022. Ukurasa wangu wa njia ya Machame ya kupandia Kilimanjaro niliukuta kwa mtu mwingine, hadi pale nilipokosea kuandika "Barranco" kapakopi vilevile. Sasa nimweleze kiasi gani?

Binti_Njiro
Pole. Kwanza, huo ukurasa wako unasema wazi kwamba unalipwa? Kama unasomwa na Wamarekani, wana tume yao inaitwa FTC, inataka msomaji aambiwe mapema, si kwa maandishi ya sisimizi chini kabisa. Watu wengi hapa mnalipuuza hili.

ChaliiWaSakina
Dada, hiyo ni kwa msomaji, nimeandika juu kabisa. Naulizia meneja.

DalaliMstaafu
Usimwambie kitu. Mimi nilikuwa dalali wa mawe ya tanzanite kabla hawajajenga ukuta wa Mererani ule wa 2018. Nikampelekea tajiri mmoja jiwe, kanikaribisha chai na chapati, kaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, huyu mchimbaji wako ni wa wapi?" Nikataja hadi jina la mama yake. Asubuhi yake nimekaa kijiweni, naiona gari ya tajiri inakata kona ya KIA kuelekea machimboni. Ile chai ndiyo ilikuwa kamisheni yangu. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza nasema "wa mbali kidogo."

kichwa_kigumu
TRA, watu wa kodi, je, ushawafungukia? Anza na hao, wako karibu zaidi.

Meku_Mtaratibu
Dalali, kisa kitamu, ila kuna kitu mmekiruka. Kumi na moja kwa mia? Mimi nipo Moshi, mwaka wa nne nasukuma vitu vya aina hiyohiyo, nikipata wawili kwa mia nachinja kuku. Hao wako walishaamua kununua kabla hawajakuona. Mleta mada, unalipia jina la duka kule Google, yaani mtu akilitafuta likatokea tangazo lako?

ChaliiWaSakina
Sioni uhusiano wa hilo na swali langu. Nina blogu pia.

kichwa_kigumu
Hahaha, "pia".

Meku_Mtaratibu
Ndiyo au hapana, mangi.

ChaliiWaSakina
Ndiyo. Lakini nisikilizeni kwanza kabla ya kunishukia.

Kliki moja inanigharimu senti 40. Mia moja ni dola 40. Mtu ananunua wastani wa dola 180, kwa hiyo wale 11 wananiletea kama dola 158. Nani wenu angeacha? Mkataba unakataza kulipia jina lao, sawa, ila mimi nalipia jina lililokosewa herufi, na neno "punguzo" mbele. Hilo si jina lao. Na mji yalipo makao yao makuu nimeuondoa, tangazo halitokei kule, kwa hiyo simkeri mtu.

Halafu kuna kingine. Asubuhi nilishamjibu kwamba natumia blogu tu.

Binti_Njiro
Mungu wangu. Hili ndilo lilitakiwa kuwa sentensi ya kwanza.

Meku_Mtaratibu
Huo mji ulioutoa ndio utakaokumaliza. Ungekuwa hujui kama ni kosa, usingejisumbua kuwaficha wenyewe tu. Na usidhani wanakaa ofisini wanasubiri tangazo lipite. Kuna programu zinatafuta jina la duka kutoka nchi mbalimbali, usiku na wikiendi, zinapiga picha tangazo na kufuata linki hadi kwenye namba yako. Huyo meneja hakuulizi ili ajue. Inawezekana kabisa picha anayo, anataka asikie utasemaje.

Anayeandika jina la duka Google, hata akikosea herufi, alikuwa njiani kwenda dukani. Duka lingempata bila wewe. Sasa linakulipa asilimia 8 kwa mteja wake mwenyewe, na tangazo lake linapanda bei kwa sababu mnagombania neno moja.

Hofu ya kuibiwa ni ya kweli, mimi pia nimeibiwa. Ila mwambie watu wanatoka wapi: Google, blogu, magrupu ya WhatsApp, vyote. Upishi wako, yaani maneno mengine unayolipia, bajeti, tangazo lipi linauza kuliko lipi, hapo kaza. Mimi hukata namba kwenye picha za skrini kabla ya kutuma, na sijawahi kugombana na mtu.

MamaRau
Kwetu huku hao si ndio maflaikacha? Wanamfuata mzungu hadi mlango wa ofisi aliyokwishalipia, kisha wanaingia naye kudai chao.

Mzee_wa_Sombetini
Vijana mnapenda njia ya mkato. Someni habari za Mmarekani Shawn Hogan, alikuwa akivuna kamisheni za eBay. 2014 mahakama ikampa miezi mitano jela. Pesa isiyo na jasho haikai.

ChaliiWaSakina
Mzee shikamoo. Yule alikuwa anapachika kuki, zile alama za kuhesabia kamisheni, kwenye kompyuta za watu ambao hata hawajabofya. Wangu wanabofya wenyewe.

Mzee_wa_Sombetini
Marahaba. Endelea kujitofautisha.

SinaMbavu
Mnajibizana na hewa. Hii ni hadithi. Aprili, masika yanapiga, nani anapanda mlima hadi anunue viatu? Halafu namba zimekaa kama za mtihani, 11, 158, 2,310. Subirini, kesho anawaletea kozi ya elfu hamsini.

kichwa_kigumu
Au ni meneja mwenyewe, anawapima mfunguke. Meku ushatoa siri zako zote.

Meku_Mtaratibu
😅

ChaliiWaSakina
Kozi sina. Na anayepanda Julai hanunui kiatu Julai, kitamtoa malengelenge siku ya kwanza. Ananunua sasa, anakivaa kwao miezi miwili mitatu kilainike. Kwa hiyo Aprili na Mei ndiyo navuna.

MamaRau
Hapo kasema kweli. Mwanangu ni mpagazi, Marangu. Saa hizi yuko nyumbani ananimalizia ugali, anasubiri Juni. Wageni wakishuka humwachia viatu, vimelainika kweli. Mleta mada, duka gani hilo? Ana pea inaachia soli.

SinaMbavu
Basi atuwekee picha ya hiyo imeili.

ChaliiWaSakina
Siweki, ina jina la mtu.

Mrejesho wakuu. Nimemwandikia usiku huu. Nimesema ni blogu pamoja na matangazo kidogo ya Google, asubuhi nilisahau kuyataja. Jina la duka sijaligusa. Amejibu haijapita hata dakika kumi: "Maneno gani?" Hivyo tu. Nimjibuje?

Meku_Mtaratibu
Tangazo umelizima?

ChaliiWaSakina
Nitalizima Jumatatu. Wikiendi ndiyo kunauzika.