Misonobari inakauka huku Ureno, mbawakawa wanaruka lini?

Mkazi_Setúbal: Wadau, misonobari huku imegeuka rangi ya kutu ghafla, wanasema ni mbawakawa wanaosambaza minyoo. Wanaruka miezi gani, nikate lini?

Fundi_Misitu: Pole ndugu. Wanaanza kutoka mwezi wa 5 hivi mpaka wa 10, wanatafuna magome ya vitawi vichanga na minyoo inaingilia hapo hapo kwenye kidonda, maji hayapandi tena, mti umekwisha. Huko ugonjwa upo tangu 1999.

Mama_Bustani: Naongezea, majike wanataga kwenye miti inayokufa na wakati wa baridi mabuu wamo ndani ya gogo, kwa hiyo kata kipindi hicho, matawi saga kabla ya mwezi wa 4. Na tafadhali kuni zenye magome usizihamishe!