Tupeane uzoefu: mvua ikikata mahindi yakiwa kwenye mbelewele, mlivukaje mpaka mavuno mengine?

MtuWaUchira

Habari za jioni wakuu. Sisi wa Vunjo wengi tuna mashamba mawili: kihamba huku juu, na shamba la porini kule chini, Uchira, Himo mpaka Kahe. Kihamba kina migomba, kahawa na majani ya ng'ombe. Mahindi na maharage yanatoka chini. Juu mvua inaweza kupita milimita 1,500 kwa mwaka na chini isifike 700, na umbali wenyewe ni wa bodaboda tu. Ndiyo maana mtu wa mlimani anaweza kuzungukwa na kijani kibichi na darini kwake hakuna kitu.

Sizungumzii ule ukame wa kutangazwa redioni. Nazungumzia mwaka ambao mvua ilianza vizuri Machi, mmepanda, mmepalilia, mahindi yametoa mbelewele, halafu inakata wiki tatu. Mabua yanasimama marefu, ukimenya unakuta gunzi lenye punje za kuhesabu. Anayepita na basi barabara ya Dar anasifia shamba.

Kwetu baba alikuwa na sheria yake: magunia ya chakula yanapanda darini kwanza, juu ya jiko yapate moshi, ndipo habari ya ada izungumzwe. Mama hakukubaliana naye hata siku moja. Alisema mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada, hiyo nayo ni njaa, tena ya miaka. Kila Agosti waligombania hapo hapo. Lakini sokoni hesabu ilikuwa upande wa baba: gunia unaloliuza Agosti wakati kila mtu anauza, ukilifuata Mbuyuni Februari, miaka mingine bei inakaribia mara mbili.

Haya, semeni ya kwenu. Semina tumeshapewa za kutosha, leteni yaliyowakuta.

Mama Wawili

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa Mabogini, na watu wakisikia skimu ya umwagiliaji wanadhani sisi hatujui njaa. Skimu ya Lower Moshi ilikamilika 1987 kwa mkono wa Wajapani, maji yanatoka mto Rau na Njoro. Wa juu nao wakaona mpunga una hela, wakafungua mifereji yao. Ukiwa na jaruba mwishoni mwa mfereji kama mimi, zamu yako inafika na tope.

Mwaka tuliokosa maji niliwapandikizia wenzangu waliopata. Kibarua cha kuinama kutwa, jioni unapita dukani na sado lako. Mahindi tulikula makande, maharage machache, mboga ya mnafu kwa wingi. Kulala na njaa hatukulala, ila chakula cha mchana kilifutika nyumbani, tukawategemea walimu wawape watoto uji. Kumbe sufuria la shule linapikwa na debe zetu zilezile! Wazazi waliposhindwa kuchangia, uji nao ukaisha, na wale wa darasa la kwanza wakaanza kubaki nyumbani. Hilo liliniuma kuliko jaruba.

NdivaKwanza

Dada pole sana. Huku Upareni juu, Same, hadithi ni ya ndiva, yaani bwawa dogo la kumwagilia. Maji ya chemchemi yanakusanywa usiku, asubuhi mlango unafunguliwa, yanakwenda kwa zamu. Hukuja msaragambo, kazi ya pamoja ya kutoa tope, unalipa faini au zamu yako inapita. Wazee hawana mchezo hapo, na nawaunga mkono, maana nimeona ndiva iliyoachiwa "kamati": sasa ni kibwawa cha vyura.

Ila tusijisifu. Ndiva inasaidia wa jirani yake. Makanya kule chini wanasubiri mafuriko ya mvua iliyonyesha kwetu, wayaelekeze mashambani. Kila tone ninalolizuia mimi, kuna mtu chini halimfikii.

LongidoKwetu

Wakulima mnalia na gunzi, sisi tunakula mahindi ya kununua mwaka mzima. Ukame ukija unatupiga kotekote, ng'ombe anashuka bei na gunia linapanda, wiki hiyohiyo.

Mwaka 2009 baba mkubwa aliuza madume mnadani Meserani majani bado yapo. Walimcheka, wakasema amekuwa mchuuzi. Akanunua mahindi, akajaza chumba. Kufika mwisho wa mwaka waliomcheka wana ngozi tu. Nisiwadanganye, si akili peke yake: alikuwa na boma kubwa, anaweza kuuza madume na bado akabaki na majike. Mwenye ng'ombe watano atauza yupi? Huyo anashikilia mpaka mwisho, mpaka wanaanguka.

ChaliiWaKisongo

Kuna mtu anakuja hapa kusema "limeni mtama". Wazo zuri, ila aje na kombeo. Kwelea kwelea wakitua, watoto wanashinda shambani kuwinga badala ya kwenda shule.

Kwetu kinachotutoa ni ngwara, jamii ya maharage. Tunaipanda ndani ya mahindi. Mahindi yakifa na kiu, yenyewe ina mzizi mrefu, inaendelea na unyevu wa chini mpaka kiangazi. Wakenya wanaifuata, kwao ni njahi, na majani anakula mbuzi. Mbaazi nayo inavumilia, lakini 2017 India walipoweka ukomo wa kuagiza, bei ilianguka vibaya. Mbaazi si chakula chetu cha kila siku, kwa hiyo tulibaki na magunia tunatazamana nayo.

Fundi Ghala

Mtoa mada, baba yako alikuwa sahihi, lakini moshi peke yake kwa dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, hautoshi siku hizi. Tumia mifuko ya PICS, plastiki mbili ndani, kiroba nje. Ukifunga kila mmoja vizuri, wadudu wanakosa hewa wanakufa, dawa ya nini? Sharti mahindi yakauke kweli. Weka konzi kwenye chupa kavu na chumvi kidogo, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha juani.

MtuWaUchira

Asanteni. Ndivakwanza, hilo la Makanya linanihusu, mfongo wetu, mfereji wa huku mlimani, nao unakunywa maji ya watu wa Kahe. Chalii, ngwara unaipanda lini? Nataka kuijaribu masika ijayo.

ChaliiWaKisongo

Subiri mahindi yafike magotini, Mangi. Ukiharakisha itayapanda mahindi na kuyalaza. Mbegu itafute Ngaramtoni siku ya soko, chagua iliyojaa, isiyotobolewa.