Widal 1:160 kila siku: ni taifodi kweli au kingamwili za zamani?

Jicho_la_Slaidi
Wakuu, habari za kazi. Swali linahusu maabara ndogo isiyootesha damu (yaani kuikuza kwenye chupa ili bakteria waonekane). Widal ya slaidi (kipimo cha kingamwili za taifodi) inatoa O 1:80 hadi 1:160 kwa wagonjwa wengi wa homa, hata wenye malaria iliyothibitishwa, na karibu wote wanaandikiwa sipro (antibayotiki). Taita (kiwango cha kuzimua ambapo seramu bado inashika) moja ya 1:160 ina uzito gani? Chupa za kuotesha damu zikipatikana, watu hukosea wapi hasa? Na mtoto aliyechanjwa taifodi, Widal yake itasomaje?

Seramu_Safi
Ikiwa peke yake, uzito wake ni mdogo sana. Widal haitafuti bakteria, inatafuta kingamwili dhidi ya O (ya uso wa bakteria) na H (ya mikia yake), na Salmonella wengine wana O inayofanana na ya Typhi, bakteria wa taifodi. Aliyeugua zamani anaweza kubaki na kingamwili, na malaria nayo huzipandisha. Ndiyo maana mitaani kila mwenye homa "ana taifodi na UTI".

Yenye maana ni seramu mbili zilizopishana siku 10 hadi 14, taita ikipanda mara nne, mfano 1:80 kwenda 1:320. Lakini kufikia wiki ya tatu ya ugonjwa utumbo unaweza kuwa umeshatoboka, sasa nani amsubirishe mgonjwa?

Halafu angalieni vipimo vya mkono. Kwenye slaidi, mikrolita 20 za seramu kwa tone moja la antijeni (bakteria waliouawa wa kipimo) ndiyo 1:80. 10 ni 1:160. 5 ni 1:320. Wengi hudondosha seramu kwa pipeti ya plastiki, wakiona chembe zimeshikana wanakadiria. Soma kwenye dakika moja. Ukichelewa tone linakauka pembeni, na hata la udhibiti hasi (lisilo na kingamwili) litaonekana limeshikana.

Chupa_ya_Saa_Mbili
Kwenye kuotesha, kosa la kwanza ni damu kidogo. Mgonjwa wa taifodi mara nyingi ana bakteria mmoja au pungufu kwa kila mililita ya damu. Ukichota mililita 2 kwa mtu mzima, unacheza bahati nasibu. Mtu mzima mililita 8 hadi 10 kwa chupa, mtoto 1 hadi 3 kwenye chupa ya watoto, na kimiminika cha kuoteshea kiwe mara 5 hadi 10 ya damu, maana damu yenyewe ina vitu vinavyozuia bakteria wasiote.

Chota kabla ya antibayotiki. Ngozi ifutwe kwa spiriti ya 70%, kisha ayodini, na iachwe ikauke. Kizibo cha mpira nacho kifutwe. Chupa isiingie kwenye friji hata usiku mmoja.

Kikiota: vijiti vya Gramu hasi, makoloni yasiyo na rangi kwenye MacConkey (sahani ya kuoteshea), na kwenye TSI (mrija wa kupima sukari) juu nyekundu, chini njano, weusi kidogo tu, bila gesi. Hapa kuna mtego: antisera ya O9 (kingamwili za kutambua O ya Typhi) inaweza isishike kwa sababu ganda la Vi limeifunika O. Chemsha mchanganyiko wa bakteria, upoe, urudie. Kwa usugu, diski ya sipro huficha usugu wa kiwango cha chini. Tumia diski ya pefloksasini mikrogramu 5; duara lisilo na bakteria likiwa milimita 23 kushuka ni sugu.

Hata ukifanya yote sawasawa, uoteshaji hukamata takriban wagonjwa 6 kati ya 10. Jibu hasi halimtoi mtu taifodi.

Mama_Chanjo
Nijibu la chanjo. Hii ya sasa ina mikrogramu 25 za Vi iliyounganishwa na protini ya pepopunda, mililita 0.5 kwenye msuli, mara moja, kuanzia miezi 6. Vi tupu ni sukari, haiamshi seli T, hivyo haikufaa watoto chini ya miaka 2. Haina O wala H, kwa hiyo usiilaumu kwa Widal iliyopanda. Ya kumeza, Ty21a, ni bakteria hai, hiyo inaweza kupandisha O.

Jaribio la Blantyre, Malawi, lilikuwa na watoto 28,130, na matokeo ya 2021 yalionyesha ufanisi wa 80.7%. Wagonjwa walihesabiwa kwa kuotesha damu. Wangehesabu kwa Widal, chanya za uongo zingejaa makundi yote mawili, waliopata chanjo ya taifodi na wasioipata, na chanjo nzuri ingeonekana dhaifu. Kenya iliianza Julai 2025, miezi 9 hadi miaka 14. Haikingi Paratyphi A (ndugu wa Typhi anayeleta homa kama hiyo), msisahau.

Jicho_la_Slaidi
Nimeelewa, asanteni. Wakati chupa hazijafika, kwenye fomu tuandike nini?

Seramu_Safi
Taita ya O na ya H, slaidi au mirija, homa ina siku ngapi, na kama ameshameza antibayotiki. Kabla ya siku ya 7 kingamwili zinaweza kuwa bado. Neno "chanya" lifute kabisa.